Neno na Deni Lake

Kwa desturi katika kurasa hizi tunaongea juu ya ndoa, mahari, kilio, mavuno na majina ya watoto. Safari hii tumechagua jambo ambalo mtu anaweza kusema halituhusu: festivali za vitabu zinazofanyika kule Ulaya, ku miji ya bahari, ambako waandishi wanaalikwa kuongea mbele ya watu na kuongoza atelie za kuandika. Sisi wa Kivu hatuna bahari. Tuko na ziwa, na vitabu kwetu ni haba. Lakini mtuvumilie. Njia hii inaanzia mbali, inaishia hapa kwetu, ku mlango wa nyumba ya mzee mmoja upande wa Mwenga.

Swali letu njo hili: mtu akichukua maneno ya kwao, akaenda kuyasema mbele ya wageni, akapigiwa makofi na pengine kupewa faranga, je, amekosa? Na kama hakukosa, ana deni? Anadaiwa na nani, na deni hilo linalipwa namna gani?

1. Mji wa Saint-Malo na wasafiri wake

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Saint-Malo ni mji wa Ufaransa, upande wa Bretagne. Mji wa zamani umezungukwa na ukuta wa mawe, na bahari iko karibu pande zote. Maji pale yanapanda na kushuka kwa namna ya ajabu: siku nyingine tofauti inapita meta 12. Katika vita, mwaka 1944, sehemu kubwa ya mji ilibomoka na kuungua, kiisha wenyeji wakaujenga tena.

Tangu mwaka 1990 mji huo unapokea festivali inayoitwa Étonnants Voyageurs, ni kusema "Wasafiri wa kushangaza". Mmoja wa walioianzisha, tena kiongozi wake wa miaka mingi, alikuwa mwandishi Michel Le Bris, aliyefariki mwaka 2021. Karibu kila mwaka, wakati wa Pentekoste, waandishi zaidi ya 200 wanafika, na watu kwa maelfu wanalipa tikiti kusudi wawasikilize. Waandishi watatu ao wanne wanakaa juu ya jukwaa, muulizaji mmoja kati yao, saa moja hivi. Kiisha kila mmoja anaenda kukaa nyuma ya vitabu vyake na kuvitia sahihi. Iko pia sinema, maonyesho ya picha, mikutano na wanafunzi, shindano la kuandika hadisi kwa vijana, na atelie za watoto.

Festivali hiyo haikubaki Ufaransa. Tangu 2001 ilifika Bamako, kule Mali. Mwezi wa pili mwaka 2013 ilifika Brazzaville, ng'ambo ya mto tu kutoka Kinshasa, pamoja na mwandishi Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville. Tena mwaka 2007 Le Bris na Mabanckou walikuwa kati ya waandishi 44 waliotia sahihi tangazo katika gazeti Le Monde, wakisema fasihi ya lugha ya Kifaransa haina tena kitovu kimoja kule Paris, kitovu sasa kiko kila mahali. Ni maneno mazuri. Lakini kitovu kusemwa kwamba kiko kila mahali ni jambo moja, na buku kufika ku soko la Kadutu ni jambo lingine. Bei ya riwaya moja iliyochapwa Paris, mwalimu wa primaire wa kwetu anaiangalia na anaipita.

Mji huo una kumbukumbu nyingine pia. Saint-Malo ilikuwa moja ya bandari zilizotuma merikebu ku biashara ya watumwa. Baba ya Chateaubriand, yule mwandishi mkubwa aliyezaliwa pale mwaka 1768, alifanya biashara hiyo. Robert Surcouf, ambaye sanamu yake pale mjini inanyosha kidole kuelekea bahari, naye alisafirisha watumwa. Ku bandari ileile ambako matajiri walihesabu Waafrika katika daftari kama mzigo, leo Mwafrika anaitwa kwa jina lake, anapewa kiti, maji ya kunywa na mikrofoni. Hayo ni mabadiliko ya kweli, tusiyadharau. Lakini yanatulazimisha kuuliza vizuri. Leo kinachosafiri ni maneno. Hatusemi ni dhambi ileile, hapana, mtu si neno. Tunasema tu kwamba kila kitu kinachosafiri kina mahali kilipotoka, na mahali pale wako watu.

2. Barza yetu haikusikilizana

Tuliweka swali hili katika barza yetu, jioni moja ya mvua, na hatukusikilizana. Mzee mmoja alisema: "Mambo ya nyumba haitokake inje. Mutu anavula mama yake nguo mbele ya bageni, kiisha anasema ni kitabu." Wengi waliitika. Tunaelewa wanachofikiri. Tangu vita ya 1996 jina la nchi yetu kule inje limekuwa jina la damu. Mwandishi anayetoka huku akikaa mbele ya watu, kitu cha kwanza wanachotaka kusikia ni kile. Akisimulia harusi, wanangojea vita. Na yeye akiwa dhaifu atawapa vita, kwani vita njo inauzika.

Ndipo mama mmoja mwalimu akasimama: "Na kama nyumba inaungua, tunyamaze tu juu ya siri?"

Barza ikanyamaza. Tulimkumbuka Daktari Denis Mukwege wa hapa Panzi. Kama angeshika ile sheria ya mambo ya nyumba, wanawake wangapi wangelia pekee yao? Alisema mbele ya wageni, alisema tena na tena, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Sisi hatuwezi kumwita msaliti. Tena wale aliowasemea hawakuwa watu wa mbali naye: walikuwa ku vitanda vya hospitali yake. Akitoka kusema, alirudi kwao.

Basi tukaona kwamba swali letu tulikuwa tumeliweka vibaya. Kosa haliko katika kusema inje. Neno si mbuzi. Ukimpa mgeni mbuzi, zizi lako linapunguka. Ukimpa neno, analo yeye na wewe unalo. Kosa, kama liko, tulitafute katika namna ya kusikiliza, na katika kurudi.

3. Siku 12 za Rureke

Watu wengine wanafikiri festivali ya maneno ni kitu cha Wazungu. Si kweli. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, upande wa Walikale, msimulizi mmoja jina lake Candi Rureke alisimulia hadisi ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Aliimba, alisimulia, alicheza. Wenzake walipiga na kuitikia. Watu walileta zawadi. Mtaalamu Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika. Mwaka 1969 kitabu kilitoka kule California, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza, kimetengenezwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe.

Tuangalie mambo mawili pale. La kwanza: maneno hayakuwa ya bule. Msimulizi alipewa. Kwa hiyo tusimcheke yule anayelipa tikiti ku Saint-Malo, wala mwandishi anayelipwa kwa kazi yake. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. La pili ni kubwa zaidi: msikilizaji hakukaa kama gunia. Alikuwa na kazi. Akiacha kuitikia, msimulizi anakauka. Kule kwetu mtu anayesikiliza pasipo kujibu tunamuuliza kama ni mgonjwa.

Na hadisi yenyewe inafundisha. Mwindo ni msafiri wa kushangaza kuliko wote. Alishuka chini ya dunia kumfuata baba yake aliyetaka kumuua, akamrudisha, wakapatana. Baadaye, juu ya majivuno na kosa alilofanya, alipandishwa mbinguni, akapigwa na baridi, akachomwa na jua, akafundishwa. Alipoteremka hakuleta sifa. Alileta sheria kwa watu wake: namna ya kuishi, na wanyama wa kutowaua. Kumbe safari ya shujaa haipimwi kwa umbali aliofika. Inapimwa kwa kitu alichorudi nacho kijijini.

4. Jukwaa na meza

Kijana mmoja wa chama chetu yuko masomoni Ulaya. Alituandikia juu ya festivali ya mji mwingine mdogo wa bahari. Jina la mji tunaliacha. Siku ya kwanza alilipa tikiti, akamsikiliza mwandishi mmoja Mkongomani. Kitabu cha mwandishi huyo kilikuwa juu ya dada wawili wanaogombea cherehani ya mama yao. Saa nzima wakamuuliza juu ya vita, madini, raisi, na kama anaogopa kurudi kwao. Cherehani haikuguswa. Mwishoni makofi yalikuwa mengi. Kijana wetu akatoka inje, ku upepo wa bahari, akiona haya na hajui juu ya nini. "Banamupenda," alituandikia, "lakini habakumusikia."

Siku ya pili aliingia katika atelie. Watu 12, meza moja ndefu, karatasi na bik. Aliyeongoza alikuwa mwandishi yuleyule. Akawaambia: andikeni mistari 10 juu ya chombo kimoja cha jikoni ya bibi yenu, na mtu asiandike kwamba alimpenda bibi. Kijana wetu akaandika juu ya kinu cha sombe. Mama mmoja mzee wa mji ule akaandika juu ya kisu ambacho bibi yake alifungulia kome za bahari, na alama ya jeraha iliyobaki ku kidole. Kiisha wakasomeana. Yule mama akamuuliza: kinu chenu kinalia namna gani? Mnatwanga saa ngapi? Jirani akisikia anajua mtakula nini? Kijana wetu anasema kwamba miaka yote ya Ulaya hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Naye akamuuliza bibi alifunga kidole na nini, na kama alirudi ku kazi siku ileile. Alirudi.

Kwa nini siku ya kwanza ilimletea haya, na siku ya pili ikamletea furaha, mwandishi akiwa yuleyule? Sisi tunafikiri ni hivi. Ku jukwaa mmoja anatoa, wengine wanapokea, na tikiti inawaambia kwamba deni limekwisha kulipwa. Ku meza ya atelie kila mtu ametoa kitu cha nyumbani kwake, na kila mtu amekisikia cha mwenzake mpaka akauliza vizuri. Hakuna anayeondoka mtupu. Njo pale festivali ya bahari ilipofanana na barza.

Hatusemi jukwaa ni baya. Watu 500 hawawezi kuzunguka meza moja. Tunasema kwamba anayekaa mbele ya jukwaa naye ana kazi: asome kitabu kwanza, aulize cherehani kabla ya kuuliza vita.

Wazee wetu walijua atelie zamani. Walega wana mutanga, kamba ambako vitu vidogovidogo vimefungwa, na kila kitu kinashika mezali yake. Mkubwa anashika kitu, mwingine anatafuta maneno yake na maana yake. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye walifuata kwa kidole wakisimulia habari za wafalme. Mtu alifundishwa kwa mkono, kwa macho na kwa kinywa, tena akiwa pamoja na wengine. Na mutanga hii njo inatufikisha ku mlango tuliosema pale mwanzo.

5. Kosa letu sisi wenyewe

Miaka mingi iliyopita wageni wawili walikuja kwetu kutafuta mzee anayejua mutanga. Sisi njo tuliowapeleka. Mzee aliwapokea, akachinja kuku, akasema kwa siku 3, na wao wakanasa sauti na picha. Walipoondoka walisema: "Tutarudi na kitabu." Sisi tulikula ile kuku, tukapewa pesa ya safari, tukarudi Bukavu na furaha.

Wageni hawakurudi. Kama kitabu kilitoka, hatukukiona. Mzee alikuwa anauliza kila mtu aliyefika toka mjini: "Beko wapi bale bageni?" Akafa akiuliza. Siku ya kilio mtoto wake mkubwa alitusimamisha mbele ya watu: "Tulibapa chakula, tulibapa na maneno. Bo, banatupa nini? Na nyinyi, mulipata ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Kwa muda mrefu tulijitetea kwamba kosa ni la wageni. Lakini wageni hawakujua njia ya kufika pale. Mzee alifungua kinywa kwa sababu aliona nyuso zetu, si zao. Tulikuwa mlango, na mlango nao unaulizwa kitu kikipotea nyumbani.

Mwishowe tulifanya kidogo tulichoweza. Mmoja wetu alikuwa ameandika katika kaye siku zile 3. Tulikusanya kumbukumbu zetu, tukaziandika vizuri, tukapanda tena mpaka kule, tukasoma mbele ya familia na majirani. Hatujafika mbali, binti wa mzee, mama mtu mzima, akatukatiza: "Hapo munamuharibu baba. Hakusema mwizi. Alisema mwenye njaa." Neno moja tu, na mezali nzima ikageuka. Tulikuwa tumeifundisha watoto wa mjini vibaya kwa miaka, tukiwaambia wamhukumu mtu ambaye mzee alitaka wamhurumie. Mpaka jioni walikuwa wamesahihisha kurasa nyingi za kaye. Tulienda kulipa deni, tukarudi tumekopa tena.

Chateaubriand yule wa Saint-Malo alizikwa, kama alivyotaka, ku kisiwa kidogo cha Grand Bé, mbele ya mji. Bahari ikishuka watu wanafika kwa miguu. Ikipanda, njia inafungwa. Kaburi lake halina jina, ni msalaba tu. Mtu kama yeye anaweza kuacha jina lake lisiandikwe ku kaburi, kwani limeandikwa ku vitabu vya dunia nzima. Mzee wetu naye hana jina ku kaburi lake, na ku kitabu pia hana. Hapa hatulitaji, kwa sababu watoto wake wanataka litokee kwanza juu ya maneno yake mwenyewe. Tunawaheshimu.

6. Basi, deni linalipwa namna gani?

Tumefikiri, tunaona mambo matatu.

La kwanza ni kutaja. Mwandishi anayealikwa ku bahari aseme wazi: hadisi hii niliisikia kwa shangazi yangu, mezali hii ni ya Walega wa upande fulani, hii nyingine niliitunga mwenyewe. Kutunga si dhambi. Kujifanya mwenye kitu cha ukoo mzima, njo dhambi.

La pili ni kujibu. Hii ni ya msikilizaji, akiwa Mfaransa ao Mkongomani. Neno ulilopewa ulizungushe, uliulize, ulete na lako. Anayesikiliza kusudi ahurumie tu, anakula pasipo kunawa.

La tatu ni kurudisha, na hapa waandishi wetu wengine watakasirika. Watasema: "Sisi si mabalozi wa kijiji. Kitabu ni kazi ya mtu pekee yake, usiku, mbele ya karatasi." Ni kweli, tena tunataka wawe huru, mwandishi anayeomba ruhusa kwa kila mjomba hataandika kitu. Lakini uhuru wa kuandika haufuti swali la kurudi. Hatuombi kitabu kipite kwanza kwa wazee kama mtu anayepita duane. Tunaomba mwandishi aliyesoma kwa saa moja mbele ya wageni asome saa moja pia ku masomo ya kwao, aache buku mbili ku maktaba, akae ku meza na vijana 12. Na akubali kusahihishwa. Huenda mama mmoja atamwambia: hakusema mwizi, alisema mwenye njaa.

Kwa upande wetu tumeweka sheria ndogo. Mgeni akinasa sauti ya mzee, nakala inabaki pale pale siku ileile, ku simu ya mtoto wa nyumba, kabla ya chai kwisha. Zamani tungeweza kusema vyombo hakuna. Leo simu iko karibu kila kijiji, na udhuru umekufa.

7. Tunamalizia

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anayesema mbali hakukosa. Anayesema mbali na kwao wakabaki pasipo kusikia, huyo ana deni. Na sisi tunaomwongoza mgeni ku mlango wa mzee tunadaiwa mbele yake. Dawa ya deni ni kulipa. Mwindo alifika mbinguni, lakini habari yake haikuishia kule.

Kaye ya mzee iko ku biro ya chama. Haijakamilika, na makosa yetu yako ndani. Mwenye kuyajua aje ayasahihishe. Meza iko, bik ziko.